Paka Asiyepona

Kwetu Gando, kisiwani Pemba, hakuna anayenunua paka. Paka ni wa diko kabla hajawa wa mtu: huzaliwa chini ya mashua zilizopandishwa pwani, hukua kwa matumbo ya samaki, na siku akiamua kuhamia nyumbani kwa mtu huwa keshajua nani hupaa samaki saa ngapi na nani mwepesi wa kurusha kopo. Akiona pana riziki hukaa, akiona hapana huhama. Akiugua hujificha, na baada ya siku kadhaa mtu husema, "Yule mwenye rangi ya mchanga simwoni siku hizi," mazungumzo yakaendelea na bei ya pweza. Ndiyo maana nilipojikuta na paka mgonjwa ndani ya nyumba, tena mgonjwa wa miaka si wa wiki, sikuwa na wa kumuuliza. Wazee wetu wanajua kuuguza mbuzi na ng'ombe. Paka hana bei, na kisicho na bei hakina mganga.

Jina lake Dema, kwa sababu tulimkuta ndani ya dema bovu lililotupwa nyuma ya diko, mwishoni mwa mwaka 2018. Watoto walisikia sauti wakadhani ni ndege. Mdomo wa dema, kila mvuvi anajua, umesukwa kumpokea anayeingia na kumchoma anayetaka kutoka. Kitoto cha paka kilifuata harufu ya mabaki ya chambo kikabaki humo, na kwa jinsi kilivyokuwa kimekauka, hakikuingia jana yake. Mwanangu alikata fito kwa panga. Kilichotoka kilikuwa na macho yaliyogandana kwa usaha, mkia uliovunjika ncha, na ute uliochuruzika kutoka kidevuni hadi kifuani.

Ute ule ndio ulioleta maneno. Mwaka huo mate ya mnyama hayakuwa jambo dogo Pemba. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimekisumbua kisiwa, na chanjo ya mbwa iliyofanywa kisiwa kizima mwaka hadi mwaka ilikuwa imekiondoa kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea, na mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje. Ulizimwa Oktoba 2018, chanjo iliporudishwa. Watafiti walikuja kuyaandika haya baadaye, baada ya kufuatilia walioumwa na kusoma vinasaba vya virusi vyenyewe. Siye wakati ule tulikuwa hatujajua kama vita vimekwisha. Jirani yangu alisimama mbali akasema, "Mwalimu, huyo muue. Mate hayo si ya njaa."

Nilimpigia simu daktari wa mifugo Wete. Aliuliza kwanza kama kuna aliyeng'atwa au kukwaruzwa, maana huyo angetakiwa kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Hakuna. Basi akasema nisimshike kwa mikono mitupu, nimfungie mahali pake peke yake, nimpe chakula na maji, nimwangalie siku kumi. Mnyama aliyekwisha kuwa na virusi vya kichaa kwenye mate hafiki mbali. Katika siku hizo huharibikiwa waziwazi na kufa. Kichaa hakina subira. Siku kumi zikapita, Dema akawa bado anakula dagaa wa kuchemshwa na bado anachuruzika ute vile vile. Jirani alichungulia dirishani, akakubali. "Basi si kichaa," akasema. "Sasa ni nini?"

Swali hilo limeishi kuliko yeyote kati yetu alivyotarajia.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Kinywa huvimba, fizi zikawa nyekundu mpaka nyuma ya koo, na ute huja, mara nyingine na damu. Siku hizo Dema hukaa mbele ya sahani, hunusa, hujikwangua mdomo kwa mguu wa mbele, kisha huondoka na njaa yake. Baadaye tumbo huharibika. Manyoya ya ubavuni hunyonyoka vibaka vibaka. Hulala mchana kutwa juu ya gunia la makumbi. Halafu, bila dawa mpya wala sababu ninayoiona, asubuhi moja huamka akanifuata jikoni akidai haki yake kwa sauti, na kwa wiki kadhaa, pengine miezi, ukimwona utasema ni paka mzima, mwembamba kidogo tu. Kisha huanza tena.

Huku kwenda na kurudi ndiko kunakomchosha anayeuguza. Ugonjwa unaoua una mwisho, na unaopona una mwisho pia. Huu kila mara hukupa sababu ya kuamini kwamba umekwisha, na kila kilichotangulia nafuu hupata sifa isiyo yake. Mara moja nafuu ilikuja baada ya maji ya muarobaini, tukausifu muarobaini. Mara nyingine ilikuja baada ya kusomewa, tukasifu kisomo. Iko pia iliyokuja baada ya sisi kuchoka na kutompa kitu chochote. Hiyo hakuna aliyeisifu.

Kila aliyepita barazani alikuwa na jina la ugonjwa. Mmoja alisema chango. Mwingine alisema kijicho, kwa kuwa macho yalipopona alitoka paka mwenye sura. Bibi mmoja wa mtaa wa chini aliteremsha sauti akasema paka anayelia usiku na kunyamaza mchana si paka mtupu, nimwache aende zake asije akatuachia mzigo wake. Daktari wa mifugo, ambaye siku zake nyingi ni za ng'ombe na kuku, alimpa dawa ya minyoo na antibayotiki, akaniambia neno ninalomheshimu kwalo hadi leo: "Hii itatuliza, Mwalimu. Ikirudi, mie sitajua kwa nini." Ikarudi.

Majina ya vitabuni aliniletea mtoto wa mdogo wangu, wakati huo mwanafunzi wa udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Alikuja likizo na vipimo vidogo vya haraka, vya namna ile ile ya vile vya malaria tunavyovijua: tone la damu, kisha unasubiri mistari. Bibi yake alimshikilia Dema aliyeviringishwa kanga, kichwa tu nje, naye akawa anaeleza anachokitafuta. Kuna virusi viwili ambavyo huwadhoofisha paka kwa miaka na kuwafungulia mlango maradhi mengine. Cha kwanza kiligunduliwa mwaka 1964 na William Jarrett huko Glasgow, Uskochi, kutokana na paka waliokuwa wakipata saratani ya chembe za damu. Cha pili kilipatikana California mwaka 1986 na Niels Pedersen na Janet Yamamoto. Hicho ni cha ukoo mmoja na virusi vya ukimwi, husambaa kwa paka kung'atana, lakini hakimpati binadamu.

"Hilo la mwisho hebu lirudie kwa sauti," nikamwambia, maana ukuta wa jirani una masikio.

Alilirudia. Vipimo vyote viwili vikasema hana. Kesho yake diko zima lilikuwa linajua kwamba Mwalimu anafuga paka mwenye ukimwi.

"Sasa tumebaki na nini?" nilimuuliza kijana.

"Tumebaki na kinywa, mama mkubwa."

Akanieleza kwamba upo uvimbe sugu wa kinywa cha paka ambapo kinga ya mwili hupigana kupita kiasi na uchafu unaoganda kwenye meno, na chanzo chake hakijafahamika mpaka mwisho. Kwa wenzetu hung'oa meno ya nyuma yote, wakati mwingine meno yote kabisa, na paka wengi hupata nafuu kubwa. Lakini hiyo ni kazi ya dawa ya usingizi, ya picha za eksirei za kuona kama mzizi wa jino umebaki, na ya mkono uliozoea. Tena hata kinywa kikikubali jina hilo, tumbo halijaelezwa, wala manyoya. Hicho alichonipa ni jina la kinachoonekana. Kilichosababisha kilibaki palepale.

Tangu hapo tukagawana kazi. Kutafuta jina ikawa kazi yake yeye na vitabu vyake. Yangu ikawa paka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumkinga na tiba. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujulikani huvuta dawa nyingi kuliko anayejulikana anaumwa nini, kwa sababu hakuna dawa ambayo mtu anaweza kusimama akasema hii haihusiki. Jirani yule yule wa mate alikuja siku moja na nusu kidonge cha Panadol, amekisaga ndani ya kijiko cha maziwa, kwa huruma kabisa. Kijana alikuwa ameshanionya. Ini la paka limekosa kimeng'enya ambacho sisi tunacho, cha kuzifungasha kemikali za namna hiyo zitoke na mkojo. Wahenga wa paka walikula nyama tupu kwa vizazi visivyohesabika, hawakuwa na haja ya nyenzo za kupambana na sumu za mimea, na nyenzo hiyo ikawafia. Kwa hiyo parasetamoli hubaki mwilini, hugeuka sumu, damu hushindwa kubeba hewa na fizi huwa rangi ya udongo. Nusu kidonge inaweza kumuua paka wa kilo tatu.

Kwa upungufu huo huo, na hili lilinishangaza mie mzaliwa wa kisiwa cha karafuu, mafuta ya makonyo nayo ni hatari kwake. Pemba nani hakuumwa jino akachovya pamba kwenye mafuta ya makonyo, akaibana, maumivu yakafa ganzi? Kinachotia ganzi ni eujinoli, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, na ini la paka haliiwezi. Mama yangu alikuwa ameshafungua kichupa na pamba iko mkononi, kijana akamshika kiganja. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga kichupa, akasema, "Basi paka huyu si wa Pemba."

Na dawa ya kupe ya ng'ombe, ile ya kunyunyizia, ambayo watu humpaka paka mwenye viroboto: nyingi ni za jamii ya pairethroidi, humtia paka mtetemeko na degedege na zinaweza kumuua. Viroboto wa Dema tumewaondoa kwa chanuo la meno membamba na beseni la maji ya sabuni. Inachukua muda, na yeye hapendi, lakini muda na kuchukiwa na paka vyote viwili ninavimudu.

Kazi ya pili ilikuwa daftari. Nililinunua dukani, daftari la skuli la kawaida, na sharti nililojiwekea ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati na kukipa wiki mbili kabla ya kusema neno. Kila siku mstari mmoja: amekula nini, amemaliza au amebakisha, ute upo au haupo, choo, amejilamba au hakujilamba. Hilo la kujilamba ndilo lililonifaa kuliko yote. Paka anayeumwa kinywa huacha kujisafisha kabla hajaacha kula, na manyoya ya mgongoni hugandana mapema, siku moja au mbili kabla ya ute kuonekana.

Na kila Ijumaa, kabla ya watu kwenda msikitini, mzani. Mnunuzi wa samaki pale dikoni ana mzani wa kuning'iniza, umefungwa kwenye tawi. Dema huenda ndani ya pakacha jipya, nimelifunga juu kwa ukili ili asiruke, kichwa kimechomoza kati ya makuti na macho yamemtoka kwa harufu ya vibua waliomzunguka. Mnunuzi hutundika pakacha kwenye ndoana, husubiri mshale utulie, hutoa uzito wa pakacha, kisha hutangaza kwa sauti ya mnada: "Kilo mbili na robo tatu! Nani anampeleka Wete?" Watu hucheka. Lakini siku iliyosomeka kilo mbili na robo hakutangaza. Aliniita pembeni akaniambia taratibu, na kuanzia wiki ile akawa ananiwekea chaa wawili watatu wasiouzika.

Daftari lilifanya kazi ambayo sikuitarajia: lilivunja hadithi zetu moja baada ya moja. Mie mwenyewe nilikuwa na uhakika kwamba mkosa ni karafuu. Msimu ukifika, majamvi hutandazwa kila uwanja na kila ukingo wa barabara, na harufu hukaa mpaka kwenye mito ya kulalia. Nilidhani kifua na kinywa cha mnyama mdogo hakiwezi kustahimili. Nikafungua kurasa. Msimu mmoja aliumwa vibaya, uliofuata alinenepa. Karafuu ikaachiwa huru. Aliyesema ugonjwa hupanda na mwezi mpevu nilimwonyesha tarehe, tukahesabu pamoja, hazikuoana. Kusi na kaskazi pia havikuwa na hatia.

Mambo mawili yalibaki yamesimama. La kwanza, samaki mkavu wa chumvi: akimpata, fizi hutoka damu. La pili, fujo. Harusi nyumbani, wageni wa Idi, hata kuhamisha gunia lake kutoka pembe moja ya ukumbi hadi nyingine, na ndani ya siku chache anaanguka. Kijana alisema vitabu vinakubaliana na daftari, kwamba paka mwenye maradhi ya muda mrefu akitiwa hofu, maradhi huamka. Hayo mawili ni vichochezi tu, chanzo hatujakijua. Lakini kichochezi unaweza kukizuia leo leo, bila kungoja chanzo kijulikane. Sasa hafla ikikaribia, Dema na gunia lake huhamia chumba cha akiba kabla ya sufuria za kwanza za pilau kuteremshwa, na mlango hufungwa na mtu mmoja tu mwenye ufunguo.

Chakula nacho kikapata taratibu zake. Samaki wa Dema hutengwa kabla ya mchuzi wa nyumba kuanza. Hachemshwi na chumvi, wala kitunguu maji, wala thomu, maana vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mbichi hapewi tena, ingawa paka wa diko wote hula wabichi. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hao tu siku zote huweza kufika mahali pa kupepesuka na kuinamisha shingo. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Samaki wa mafuta mengi, kama jodari, hapewi kila siku, kwa kuwa mafuta hayo bila vitamini E ya kutosha huleta uvimbe wa mafuta ya mwilini.

Na supu haimwagwi. Hili nalo lina historia yake: paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, sharti aipate kwenye nyama na samaki, na mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa California walionyesha kwamba paka wengi waliokuwa wakifa kwa moyo uliotanuka walikuwa wamepungukiwa na taurini tu, tena wengine wakila vyakula vya dukani vilivyoaminika. Taurini huyeyuka majini. Ukichemsha samaki ukamwaga supu, umemwaga nusu ya ulichokusudia kumpa. Kwa hiyo namponda samaki kwa vidole, natoa miiba kwa kupapasa, namwagia supu mpaka iwe uji, nampa ikiwa na uvuguvugu kwa sababu harufu ndiyo inayomwita. Siku za ute, nachovya ncha ya kidole na kumpaka kidogo juu ya mdomo. Akijilamba, ameonja, akionja, mara nyingi hurudi kwenye sahani. Akikataa siku nzima, hapo ndipo daktari hutupa dawa ya kutuliza uvimbe, ya siku chache tu, kwani ikitumiwa mfululizo inaweza kumletea kisukari na kumpunguzia kinga.

Mama, ambaye ameshapita miaka themanini, alikuwa na hoja yake tofauti. Yake ilikuwa sala. Paka mwenye ute na damu anatembea juu ya mkeka wake, analala juu ya kanga zake. Alimuuliza maalim wa mtaa, naye akamkumbusha habari ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe. Mke wa mwanawe alipomtazama kwa mshangao, alimwambia kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani. Basi mate yake hayana neno, maalim akasema, ila damu ni damu. Mama akatenga mkeka wa sala na kanga ya sala, akavitundika juu, na tangu hapo Dema amekuwa akilala miguuni pake mchana bila ugomvi.

Ni Mama pia aliyemjibu ndugu yetu mmoja aliyekuja kutuonya kwamba tunamwonea mnyama, tungemwacha afe zake. Sote twaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Mama alimwambia, "Yule mwanamke hakuulizwa kwa nini paka hakupona. Kaulizwa kwa nini kamfunga, hampi chakula, wala hamwachi akajitafutia. Siye huyu hatukumfunga, na chakula anakula." Sijasikia ufafanuzi ulionifaa kuliko huo. Uponyaji si wetu, hatukuwahi kudaiwa. Tunachodaiwa ni sahani, maji, na mlango ulio wazi, na hivyo vyote vimo ndani ya uwezo wa mtu wa Gando.

Swali la fedha wageni huliuliza kwa adabu, ndugu huliuliza bila adabu. Jibu langu limeandikwa ndani ya jalada la daftari. Hakuna deni kwa ajili ya paka. Hakuna shilingi itakayotoka kwenye dawa za Mama wala ada ya mtoto. Dawa za Dema hulipwa na mayai ya kuku wangu, na kuku wasipotaga, tunangoja. Mtu anaweza kuona ni ugumu wa moyo. Mie naona bila mpaka huo ningechoka mapema, na paka angeanza kuonekana mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Halafu siku moja Mama, akiniona naandika, akauliza, "Huyo paka anaandikwa, mie siandikwi?"

Alikuwa na haki. Presha yake hupanda na kushuka, viungo vinamuuma, kizunguzungu huja na kuondoka, na kwa miaka tulikuwa tukimpeleka hospitali na kujibu maswali ya daktari kwa "hivi hivi tu". Nikanunua daftari la pili, kwa sharti lile lile la mstari mmoja kwa siku. Ilipofika Ramadhani, kurasa zikasema zenyewe: kizunguzungu kilikuwa cha siku alizolala daku ikampita, na kidonge kikampita nayo. Daktari alilisoma daftari akiwa amesimama, akambadilishia dawa ili yote iwe ya wakati wa kufuturu, na vizunguzungu vikapungua. Viungo bado vinamuuma na hakuna aliyetuambia kwa uhakika ni kwa nini. Ila simuulizi tena "Unaendeleaje?", swali ambalo jibu lake ni "Alhamdulillahi" iwe heri iwe shari. Namuuliza amelala saa ngapi, goti lipi, amepanda ngazi ya msikiti au amesalia nyumbani. Mgonjwa wa muda mrefu hasahauliwi kwa ukatili. Husahauliwa kwa sababu watu wamezoea kumuuliza maswali ambayo hayana jibu.

Kijana wetu ameshahitimu sasa. Anasema Dar es Salaam yuko mtu anayeweza kuyang'oa meno ya Dema kwa usalama. Mama hataki: safari ya boti mbili na hofu yote hiyo, kwa paka ambaye hofu ndiyo adui yake. Mwanangu aliyekata fito za dema anataka twende. Nimewaambia wote wawili kwamba daftari ndilo litakaloamua, na ukurasa wa mwisho nimeshauandika. Akishuka chini ya kilo mbili na mwili bado una nguvu, tutasafiri. Akiacha kujilamba, na harufu ya samaki isimtoe kwenye gunia, na hali hiyo ikaendelea bila kichochezi ninachokijua, nitamwita daktari wa mifugo aje na sindano ya mwisho hapa hapa nyumbani, asiende kufa vichakani peke yake. Mama ameusoma ukurasa huo. Hakuupinga, ameongeza tu kwa mkono wake kwamba siku hiyo iwe baada ya paka kula.

Ukiokota paka wa namna hii, tafuta kwanza mtu wa mifugo akuondolee hofu ya kichaa na minyoo, kisha ficha Panadol na mafuta ya makonyo, kisha nunua daftari. Jina la ugonjwa endelea kumuuliza kila anayepita barazani, pengine iko siku mmoja atalijua. Ila muulize sufuria ikiwa tayari iko motoni.